Wadogo zangu, mishale ya michoro ya homoni na wajumbe wengine wa mwili mmeikariri, lakini muda wa kila mmoja je?

Juzi kwenye raundi wanafunzi wa mwaka wa tatu walinitiririshia njia nzima ya adrenalini, homoni ya dharura, bila kukwama: kipokezi (protini ya seli inayopokea ujumbe), kisha protini G na AMP ya mviringo, wajumbe wa ndani ya seli. Nikauliza, "Mgonjwa atapata nafuu baada ya muda gani?" Kimya. Kimya hicho nakijua, ndiyo maana naandika.

1. Kabla ya yote, uliza kipokezi kinakaa wapi. Adrenalini haiingii ndani ya seli. Inabisha hodi kwenye utando, na wajumbe wa ndani wanasambaza habari kwa sekunde. Kotizoli, homoni ya msongo, yenyewe inapenya, inakutana na kipokezi chake ndani, kisha wanaelekea kwenye kiini kubadilisha jeni zipi zisomwe. Kazi hiyo inakwenda kwa saa kadhaa.

2. Nami hilo nililijua, kwa mtihani. Nikiwa intani, usiku mmoja mama mmoja alichomwa seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, na mwili wake ukaikataa kwa mzio mkali. Muda si muda midomo imevimba, kifua kinapiga mluzi, presha inashuka. Nikaandika haidrokotizoni, yaani kotizoli ya sindano, ikachomwa, nikasimama kando ya kitanda nikiisubiri. Nilisubiri! Seli zake zinamwaga histamini, kemikali ya mzio, mishipa imelegea, na mimi nimeita dawa ambayo ilikuwa bado haijafika hata kwenye kiini. Sista wa zamu akaniuliza kwa upole, "Daktari, adrenalini tunampa saa ngapi?" Alikuwa ameshaivuta kwenye bomba la sindano. Nusu miligramu, msuli wa paja. Mishipa ikabana, njia ya hewa ikafunguka, na baada ya dakika chache mama akaomba maji. Nilipokaa kuandika faili, kalamu haikushikika. Angekuwa zamu mtu mwingine, yule mama angekufa mikononi mwangu, nami nina alama nzuri za fiziolojia.

3. Mjumbe mmoja, majibu mawili. Asetilikolini, kemikali inayotolewa na neva, inakaza msuli wa mkono lakini inapunguza mwendo wa moyo, kwa sababu vipokezi ni tofauti. Hilo la moyo mwanasayansi Otto Loewi alilionyesha mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya vyura: maji yaliyotoka kwenye moyo uliopunguzwa kasi yalipunguza kasi ya wa pili. Maji tu, wadogo zangu!

4. Insulini, mbali na sukari, huingiza potasiamu ndani ya seli pia, nayo hupungua kwenye damu. Pima potasiamu kabla ya dripu ya insulini.

5. Trei ya dharura ikagueni mnapopokea zamu.

Kesho saa mbili asubuhi nitauliza tena: dakika ngapi?