Mwaka Mzima Nikifukuzia Umbali

Jumamosi iliyopita nilishindwa kwenye gofu na mzee wa miaka 71, na kwa kuwa wapo waliokwisha kulisimulia jambo hilo hapa Malindi kwa namna yao, nimeona ni bora nilieleze mwenyewe.

Wenzangu mnaocheza gofu mnaijua raha ninayoisema: kusikia mpira ukilia kwenye uso wa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, kisha kuuona ukipaa juu ya minazi huku kedi, yule anayekubebea fimbo, akiguna kwa mshangao. Raha hiyo niliitafuta kwa mwaka mzima. Nilinyanyua vyuma, nikanunua fimbo ndefu zaidi, nikajifunza kuzungusha kiuno badala ya kutegemea mikono, na nikaongeza takriban yadi 30 ambazo, niseme kweli, bado ninazionea fahari. Katika shimo la kwanza siku hiyo mpira wangu uliupita wa mzee kwa hatua 80. Nilizihesabu, jambo ambalo mtu mwenye adabu halifanyi.

Tulipofika shimo la tano upepo wa kusi ulikuwa umechacha, nao ukitupiga usoni. Mzee aliididimiza ti, kile kijiti cha kuwekea mpira, ardhini mpaka ikabaki kichwa tu, akashika fimbo chini kidogo ya kawaida yake, akapiga kwa nusu ya nguvu. Mpira ukaenda chinichini kama ndege wa pwani anayeambaa na maji. Mimi nilipiga kwa nguvu zote. Mpira ulipanda, ukasimama hewani, kisha ukachukuliwa hadi vichakani nje ya mpaka. Kanuni ni kuongezewa pigo moja na kurudia palepale, nami nikarudia kwa hasira, na mpira wa pili ukaufuata wa kwanza.

“Mwanangu,” akasema mzee bila hata kutabasamu, “ule wa kwanza utauokota Mambrui, huu wa pili labda Ngomeni.”

Nilimaliza shimo hilo kwa mikwaju tisa, yeye kwa mitano, na katika gofu mwenye michache ndiye anayeshinda. Makedi wangali wanacheka.

Ukipiga kwa nguvu zaidi kwa mkono uleule, mpira huzidi kuzunguka kinyumenyume, na mzunguko huo ndio unaounyanyua; ukikutana na upepo wa mbele hupaa badala ya kusonga. Kosa la uso wa fimbo nalo hukua kadiri mpira unavyokwenda mbali, hata upotovu usioonekana kwa jicho ukakufikisha vichakani. Basi upepo ukija, chukua fimbo ya kufika mbali zaidi na upige polepole. Narudia: polepole.

Msidhani ninaikana nguvu. Mwaka 2020 Mmarekani Bryson DeChambeau, mpigaji wa mbali, alitwaa US Open, moja ya mashindano makubwa ya gofu, katika uwanja wa Winged Foot kwa tofauti ya mikwaju sita, ingawa mipira yake ya kwanza ilitua kwenye majani mafupi ya katikati mara 23 tu kati ya 56. Habari hiyo nimewachosha nayo watu wengi. Nilichokuwa nikikiacha ni kwamba Novemba ya mwaka huohuo, siku ya mwisho ya Masters, shindano jingine kubwa, alicheza pamoja na Mjerumani Bernhard Langer mwenye miaka 63, aliyekuwa akiachwa nyuma mno katika kila pigo la kwanza, na Langer akamaliza kwa mikwaju 71 dhidi ya 73 ya DeChambeau.

Ndugu zangu, tuache kujidanganya. Shimo lina upana wa milimita 108 tu, na halimuulizi mtu alikotoka. Tunafanya mazoezi ya draiva saa nzima, kisha tunapiga mipira mitatu ya karibu na shimo na kwenda kunywa chai, halafu tunaulaumu upepo.

Jumanne alasiri nilimfuata yule mzee na kumwomba anielekeze. Alinipa fimbo namba saba, iliyo fupi, akanitaka ile ndefu niiache garini. Niliiacha. Jana mtu mmoja aliniulizia bei yake, nikamwambia haiuzwi.