Risiti ya mteja isiishie kwenye spamu

Mteja akilipa kwa M-Pesa, meseji inaingia hapo hapo kwamba hela imetoka. Akifungua barua pepe akakuta hakuna kitu, hajui kuwa risiti yako imeangukia kwenye spamu, yaani folda ya barua taka. Anachojua ni kwamba amemtumia hela mtu asiyemfahamu. Wanunuzi wengi huku bado wanaogopa kulipa kabla ya kuuona mzigo, kwa hiyo barua hiyo moja ina uzito kuliko matangazo yako yote ya mwezi mzima.

Kazi yangu ni kutunza maduka ya mtandaoni ya wafanyabiashara wadogo: wauza nguo, viungo, vipodozi. Nikiitwa kwa tatizo hili, mara nyingi nakuta mwenye duka ameshahangaika na maneno. Ameondoa "ofa", ameondoa "bure", amepunguza herufi kubwa. Maneno yana nafasi yake, ila si pa kuanzia. Anza na utambulisho.

Barua pepe ilivyoundwa ni kama mzigo wa basi: jina la mtumaji ni lile aliloliandika mwenyewe juu ya boksi, na yeyote anaweza kuandika la kwako. Ndiyo maana zikawekwa rekodi tatu kwenye DNS (daftari la mipangilio la mtandaoni) ya domeni, yaani jina la tovuti yako kama domeniyako.co.tz. SPF inataja seva (kompyuta za mtandaoni) ulizoziruhusu kutuma kwa jina lako. DKIM inatia saini kila barua, mpokeaji, yaani huduma ya barua ya mteja kama Gmail, aweze kuthibitisha kwamba imetoka kwako na haikuguswa njiani. DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini barua isipoendana na domeni anayoiona mteja, na inakuletea ripoti. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanazidai zote tatu kwa watumaji wakubwa; kwa Google, hao ni wanaofikisha barua 5,000 kwa siku kwenye akaunti za Gmail. Microsoft nao wakafuata Mei 2025. Duka dogo linatakiwa kuwa na SPF au DKIM angalau, lakini mimi naweka zote tatu kabla duka halijafunguliwa.

Maduka mengi ninayoyashika yametengenezwa kwa WordPress, programu ya kuunda tovuti, na WooCommerce inayoongeza duka. WordPress isipoelekezwa vingine hutuma barua kupitia seva ileile inayobeba tovuti. Seva hiyo kwa kawaida mnaitumia wengi, na mmoja wenu akiitumia kwa utapeli, anwani ya IP ya seva hiyo (namba inayoitambulisha mtandaoni) inaingia kwenye orodha za kuzuia watumaji wabaya, kama za Spamhaus, nawe umo. Tafuta huduma maalumu ya kutuma barua, mfano Mailgun, Brevo au Amazon SES, uiunganishe kwa plagini (programu-jalizi ya WordPress) kama WP Mail SMTP au FluentSMTP.

Kuna duka moja la viungo la Zanzibar lenye wateja Oman na Uingereza, watu wanaotegemea barua pepe kwa kila oda. Kwenye sehemu ya mtumaji palikuwa na anwani ya gmail.com, huku barua zikitoka kwenye seva ya tovuti. Machoni pa mpokeaji, huyo ni mtu anayejifanya Gmail. Tuliweka anwani ya domeni ya duka na saini ya domeni hiyohiyo, risiti zikaanza kufika.

Mtego ninaokutana nao mara kwa mara ni rekodi mbili za SPF: moja imewekwa na kampuni ya seva, nyingine na huduma ya barua. Domeni inatakiwa kuwa na moja tu, na zikiwa mbili ukaguzi wote unafeli. Ziunganishe, mfano kwa anayetuma kupitia Google na Mailgun:

v=spf1 include:_spf.google.com include:mailgun.org ~all

DMARC ianze kwa upole, kwenye jina la _dmarc:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@domeniyako.co.tz

Soma ripoti kwanza. Ukiona barua zako zote halali zinapita, ndipo upandishe p iwe quarantine, yaani zisizoendana zipelekwe spamu.

Kisha jinunulie kitu dukani kwako. Fungua risiti kwenye Gmail ya kompyuta, bonyeza nukta tatu na uchague kuonyesha ujumbe halisi. Juu kabisa utaona SPF, DKIM na DMARC. Kila moja isomeke PASS. Angalia pia domeni iliyotajwa pembeni ya DKIM. Iwe ya kwako, isiwe ya kampuni ya seva.

Utambulisho ukikaa sawa, linabaki suala la heshima kwa wateja, na hapa ndipo nasisitiza kuliko pote: tenganisha risiti na matangazo. Risiti zitoke kwenye domeni-ndogo moja (mfano risiti.domeniyako.co.tz), matangazo kwenye nyingine, ili watu wakichoshwa na ofa zako lawama isiziangukie risiti moja kwa moja. Google wanataka malalamiko yawe chini ya asilimia 0.1 na yasifike 0.3. Kwenye barua 1,000, watu 3 wakibonyeza "ripoti spamu" umeshafika huko. Kwa hiyo kiungo (linki) cha kujitoa kwenye matangazo kionekane wazi na kifanye kazi kwa bonyezo moja. Anayejitoa hakudhuru, anayekosa pa kujitokea anakuripoti. Orodha ya anwani za kununua usiiguse kabisa. Watu hao hawakukuruhusu, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zipo, Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022.

Halafu usimlazimishe kila mteja kuandika barua pepe. Wengi hawaitumii, na ukiwalazimisha wanaandika chochote ili fomu ipite, au wanakosea wakaandika gmail.con. Barua zinazogonga anwani zisizokuwepo zinaharibu sifa ya domeni yako. Asiye na barua pepe mtumie SMS.

Kuhusu barua yenyewe sina mengi. Usitume bango la WhatsApp kama picha moja tupu, andika maneno. Usifiche linki kwa huduma za kuzifupisha. Kichwa kiseme kilichomo: "Oda Na. 214: malipo yamepokelewa, kanga doti 2". Na anwani ya mtumaji iwe inayojibika, maana mteja akijibu, Gmail inaona kwamba mnafahamiana.

Mwisho, ukurasa wa shukrani baada ya malipo utaje anwani ambayo risiti itatokea, umwombe mteja aitafute hata kwenye spamu na akiikuta huko abonyeze "si spamu". Weka hapo hapo na namba ya simu ambayo kweli kuna mtu wa kuipokea.