Kwa nini sakulenti za Nakuru huoza zikifika Kisumu, na jinsi nilivyoziokoa zangu

Dada, hujambo. Umeeleza kwamba ulinunua echeveria 12, zile sakulenti ambazo majani yake manene yanayohifadhi maji hujipanga kama ua, kwa wauza miche wa kando ya barabara hapa Nakuru, ukazipeleka nyumbani kwako Kisumu, na kabla ya miezi miwili kwisha 7 kati ya hizo zimelainika shina na kupukutisha majani, ijapokuwa unazimwagilia mara moja tu kwa wiki kama ulivyoelekezwa. Unauliza kama inafaa upunguze maji yawe mara moja kwa wiki mbili, au uachane nazo kabisa ukachimbe mishubiri (aloe) ya porini. Nimelea mimea hii kwa miaka tisa, minne ya kwanza nikiwa Migosi mjini Kisumu na mingine yote nikiwa Kiamunyi, Nakuru. Uchungu unaousikia naujua, kwa kuwa rafu yangu ya kwanza ya echeveria iliteketea yote, na ilitokea hukohuko uliko.

Naomba kwanza uiweke kando hesabu ya wiki. Kinachoiua sakulenti ni muda ambao mizizi yake inakaa katika udongo mbichi usiopitisha hewa, na muda huo unategemea udongo wenyewe, chombo, upepo na unyevu wa hewa ya mji unaoishi kuliko unavyotegemea siku uliyoshika kopo la maji. Hapa Kiamunyi, mwezi wa Januari unapovuma upepo mkavu, chungu changu kidogo cha ukubwa wa kikombe cha chai hukauka hadi chini kwa siku mbili au tatu. Migosi, mwezi wa Aprili, niliwahi kuchimbua chungu cha ukubwa uleule siku ya tisa baada ya kumwagilia, nikakuta udongo wa katikati bado unashika vidoleni kama unga uliokandwa. Kwa hiyo hata ukisubiri wiki mbili, na udongo ukabaki huo ulio nao, mimea yako itaoza tu, ila itachukua muda mrefu zaidi.

Tazama udongo uliokuja na miche hiyo. Wauzaji wengi hutumia mchanganyiko mmoja wa udongo wa msitu na samadi kwa kila kitu, kuanzia mipapai hadi mawaridi, na mchanganyiko huo ni mzuri kwa mche utakaohamishiwa shambani. Hapa Nakuru, mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, sakulenti huuvumilia kwa sababu hewa ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ukiuteremsha hadi Kisumu, mita zipatazo 1,130, mahali ambapo unyevu wa ziwa na mvua za alasiri huifanya hewa kuwa nzito, udongo uleule hubaki na maji siku nyingi. Kosa langu mimi lilikuwa kubwa zaidi, maana niliihamishia mimea yangu katika udongo mweusi wa uwanda wa Kano, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata viatuni wakati wa mvua, nikiamini kwamba rutuba yake ingeifaa.

Kuna sababu nyingine ambayo watu huitaja kwa nadra. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta kaboni dioksidi, lakini sakulenti nyingi huvifungua usiku, zikaihifadhi hewa hiyo majanini kama asidi, kisha mchana, vitundu vikiwa vimefungwa, huitumia pamoja na mwanga wa jua kutengenezea chakula. Hiyo ndiyo njia yake ya kuokoa maji, na hufanya kazi vizuri zaidi usiku unapokuwa na ubaridi. Echeveria nyingi asili yake ni nyanda za juu za Meksiko, kwenye jua kali la mchana na usiku unaopoa sana. Usiku wa Nakuru hushuka hadi kama nyuzi 10, ilhali wa Kisumu mara nyingi hubaki kwenye nyuzi 17 au zaidi. Ndiyo maana echeveria uliyoipenda kwa sababu ya kingo zake nyekundu hugeuka kuwa ya kijani kitupu ikifika ziwani, na majani yake yakafunguka na kulegea. Hukua kwa kusitasita, na mmea unaosita kukua hunywa kidogo, hivyo maji yaliyokuwa kipimo chake huku huwa mengi kupita kiasi huko.

Dawa kubwa basi ni kubadilisha udongo. Mchanganyiko ninaoutumia ni makopo matatu ya vipande vya mawe mepesi ya volkano, yale yenye vitundu tunayosugulia visigino, kopo moja la mchanga wa mto wenye chembe kubwa, na kopo moja la udongo wa kawaida uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri. Sisi wa Nakuru tumebahatika, kwa kuwa mawe hayo ni mazao ya volkano za Bonde la Ufa, nasi tunaishi chini ya Menengai yenyewe. Nilipokuwa Kisumu sikuyapata kwa urahisi, nikayabadilisha kwa kitu ambacho kimejaa kote magharibi, yaani matofali ya kuchoma yaliyovunjika. Yagongegonge hadi yawe vipande vya ukubwa kati ya punje ya hindi na harage, uvichekeche kwa wavu wa fundi wa kuchujia mchanga, kisha uvioshe mpaka maji yatoke safi. Hatua ya kuosha usiiruke hata kidogo, kwa sababu vumbi la tofali hujaza nafasi zote ulizotaka zipitishe hewa, na unarudi palepale ulipoanzia. Usitumie mchanga laini wa ufuoni mwa ziwa kwa sababu hiyohiyo. Ukimwagia kikombe cha maji juu ya chungu kilichojazwa mchanganyiko huu, yaanze kutoka chini kabla hujahesabu hadi kumi. Yakisimama juu, ongeza vipande.

Chungu kiwe cha udongo uliofinyangwa na kuchomwa bila kupakwa rangi ya kung'aa, kama vile nilivyokuwa nikivinunua soko la Kibuye, na kiwe na tundu chini. Vyungu hivi hupitisha unyevu kwenye kuta zake, na kwa hali ya hewa ya Kisumu naviona bora kuliko vya plastiki kwa mbali. Watu wengi hukushauri utandaze kokoto chini ya chungu ili maji yatoke haraka. Nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu, mpaka nilipofahamu kwamba maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto hadi udongo ule ulowe kabisa. Kokoto hazikaushi chochote. Zinainua tu lile tabaka lililolowa na kulisogeza karibu na mizizi.

Kuhusu lini umwagilie, tafuta kijiti cha mshikaki. Kichomeke hadi chini ya chungu, kiache dakika kumi, kisha ukichomoe na ukiguse midomoni, kwa maana midomo huhisi ubaridi wa unyevu ambao vidole havisikii. Kikitoka kikavu, mwagilia kwa wingi hadi maji yatiririke chini, uyamwage yaliyokusanyika kwenye kisahani, na usirudie mpaka kijiti kitoke kikavu tena. Kumwaga vijiko viwili vitatu kila mara kwa kuogopa ni kosa, kwani hulowesha juu tu na kuiacha mizizi ya chini ikifa kwa kiu. Baada ya miezi michache utaacha kijiti, kwa sababu mkono utakuwa umezoea uzito wa chungu kikavu.

Kujifunza kusoma jani kutakusaidia kuliko ratiba yoyote. Jani lililojaa maji kupita kiasi huwa la manjano, linaangaza kama limelowa mafuta, na hudondoka ukiligusa. Jani lenye kiu hukunjamana na kuwa jembamba, lakini halitoki kwa urahisi. Majani makavu ya chini kabisa, yaliyojikunja kama karatasi, ni uzee wa kawaida. Hali inayowapoteza wengi, na iliyonipoteza mimi, ni jani lililokunjamana wakati udongo umelowa. Ukiona hivyo mmea una kiu kweli, ila mizizi ya kunywea imekwisha kuoza, na kila kikombe unachoongeza kwa huruma kinausogeza karibu na kifo. Mmea wa namna hiyo ung'oe siku hiyohiyo.

Zile 7 zako usizitupe bado. Chukua kisu chembamba, kifute kwa spiriti, ukate shina juu ya sehemu iliyolainika, kisha uendelee kukata vipande vyembamba kuelekea juu mpaka uone shina safi lisilo na duara la hudhurungi wala weusi ndani yake. Futa kisu kila unapokata. Kichwa kilichobaki kiweke kivulini penye upepo hadi kidonda kifanye kigaga kikavu. Huku Nakuru huchukua siku nne au tano, huko ukipe siku kumi. Kisha kikalishe juu ya mchanganyiko mkavu bila kukifukia sana, na usikimwagilie mpaka vimizizi vyeupe au vya waridi vichomoze. Majani mazima yaliyodondoka nayo yanaweza kuotesha mimea mipya, mradi jani limetoka pamoja na kitako chake chote. Lililokatika katikati halioti. Yalaze juu ya mchanganyiko kivulini, na baada ya wiki chache baadhi yataleta mizizi na kichipukizi kidogo. Katika kundi langu lililooza nilipata miche 11 kwa njia hii, na mmoja wao ndio mama wa echeveria zote nilizo nazo leo.

Kuhusu mwanga, maelezo mengi ya kwenye intaneti yanasema uweke mimea kwenye dirisha la kusini. Hayo yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambao kwao jua hukaa kusini mwaka mzima. Kisumu na Nakuru ziko karibu kabisa na Ikweta, kwa hiyo dirisha la kaskazini hupata jua kati ya mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba, kisha zamu inahamia dirisha la kusini. La mashariki hupata jua la asubuhi mwaka wote, na ndilo ninalokushauri, kwa kuwa jua la alasiri la Kisumu likipiga kupitia kioo huunguza jani likabaki na kovu. Mmea ukirefusha shingo na majani yakaachana, unatafuta mwanga. Usogeze kidogokidogo kwa muda wa wiki mbili. Na ule unga mweupe ulio juu ya majani usiufute kwa kitambaa, maana ni nta inayoulinda mmea dhidi ya jua, na ukiondoka kwenye jani hilo haurudi. Wadudu weupe wanaofanana na pamba, wanaojificha kwenye maungio ya majani, waguse mmoja mmoja kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti, na urudie baada ya wiki.

Mishubiri ya porini nakusihi usiichimbe. Mwaka 1986 ilitolewa amri ya Rais ya kupiga marufuku uvunaji wake, kwa sababu ilikuwa ikikatwa kwa wingi kwa ajili ya utomvu, na kanuni za mwaka 2007 ziliiweka biashara yake chini ya leseni. Mishubiri yote, isipokuwa alovera ya kawaida, imeorodheshwa pia katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mbali na sheria, mshubiri mkubwa ukichimbwa hupoteza mizizi mingi, na ile iliyokua mwambani kwa miaka mingi mara nyingi haishiki chunguni. Karibu kila boma la wazee huko Nyanza halikosi ogaka, yaani mshubiri kwa Kijaluo, ulioachia vichipukizi pembeni, na mzee ukimwomba kwa heshima atakung'olea viwili na kukueleza pia unatibu nini.

Na kwa kuwa unaipenda mimea hii, ongeza ile inayoipenda Kisumu. Waridi la jangwani, ambalo humea lenyewe katika sehemu kame za Kenya, lilinichanulia Migosi karibu mfululizo. Nilipolileta Kiamunyi lilipukutisha majani yote mwezi wa Julai, na mpaka leo halijanisamehe ile baridi. Sansevieria, ile ya majani marefu yaliyosimama kama panga, itakaa hata sebuleni kwako. Ukitaka kuizidisha ile yenye kingo za manjano, gawanya shina lake la chini ya ardhi, kwa sababu ukiotesha kipande cha jani utapata mmea wa kijani usio na kingo. Yuforbia pia zitakufaa, ila utomvu wake mweupe kama maziwa ni hatari kwa macho, kama anavyojua kila aliyekata uzio wa ojuok, ile yuforbia inayopandwa kuzunguka boma, kwa hiyo ziweke mbali na watoto na unawe mikono.

Kwa zile 5 zilizo hai, usingoje zionyeshe dalili. Jioni ya leo toa moja chunguni, ukung'ute udongo wote na uitazame mizizi: ikiwa myeupe na migumu, ihamishe tu na usiimwagilie kwa wiki nzima, ikiwa ya hudhurungi na inavuliwa ngozi ukiivuta, ikate kama nilivyoeleza, kisha uniandikie hapa umeikuta ya namna gani.