Mkipangiwa timu inayofungwa: masomo kutoka kwa waandishi wa Chicago

Kijana akija kuanza kazi kwenye dawati la michezo, mara nyingi hapewi timu ya ubingwa. Bingwa ana wenyewe. Mgeni hupewa timu inayopoteza, yenye mashabiki wengi na vikombe vya zamani, na baada ya miezi michache unamwona ameishiwa maneno. Kwa hiyo huwa nawaambia wadogo zangu wasome magazeti ya Chicago juu ya timu ya besiboli iitwayo Cubs. Ilitwaa World Series, yaani fainali ya ubingwa wa Marekani, mwaka 1907 na 1908, kisha ikakaa miaka 108 bila kuitwaa tena. Mwandishi angeweza kuzaliwa, kuajiriwa, kustaafu na kuzikwa kabla kikombe hakijarudi. Na kila siku ya mechi ukurasa ulitakiwa ujae.

Hata jina la timu lilitoka kwenye chumba cha habari. Lilikuwa gazeti la Chicago Daily News lililoanza kuwaita Cubs mwaka 1902, likimaanisha watoto wa dubu, kwa kuwa wachezaji walikuwa vijana. Jina likashika. Mnachokiandika kwa haraka jioni moja kinaweza kuwaganda watu miaka mia. Fred Merkle wa New York Giants alikuwa na umri wa miaka 19 alipokosa kugusa kituo cha pili, moja ya alama nne ambazo mkimbiaji huzipitia ili apate pointi, katika mechi dhidi ya Cubs, tarehe 23 Septemba 1908. Magazeti yakamwita mpumbavu, na aliishi na neno hilo hadi kufa kwake.

Sasa nije kwenye jambo ninalolijali kuliko mengine yote: laana.

Tarehe 6 Oktoba 1945, Cubs wakicheza fainali na Detroit Tigers, mwenye baa aitwaye William Sianis alifika uwanja wa Wrigley Field na mbuzi wake, akiwa na tiketi. Yeye na mbuzi wake wakaondolewa. Cubs wakafungwa katika mchezo wa saba, ulioamua ubingwa, na ikasemwa kwamba Sianis aliilaani timu. Kwa miaka mingi hadithi hiyo ilikuwa kichekesho tu cha mjini. Waliokuja kuikuza ni waandishi wa safu, miaka ya baadaye, timu ilipokuwa imeshapoteza mno na wao wanahitaji cha kusema. Naelewa kwa nini. Mkosi hauhitaji kuhojiwa, hauna wakili, wala haukunyimi kibali cha kuingia uwanjani. Unauandika kwa nusu saa na wasomaji wanafurahi.

Mike Royko, mwandishi wa safu wa Chicago, aliijua vizuri baa ya Sianis, maana alikuwa mteja wake wa siku zote, na alimtania sana mbuzi yule kwenye safu zake. Ndiyo maana safu yake ya mwisho, iliyotoka kwenye Chicago Tribune mwezi Machi 1997, wiki chache kabla hajafariki, ina uzito mkubwa kwangu. Humo aliandika kwamba aliyeiangusha timu hakuwa mbuzi, alikuwa mmiliki wake, P.K. Wrigley. Hoja yake ilikuwa ya hesabu tu. Baada ya vita Cubs walikuwa na kikosi dhaifu. Wachezaji weusi wenye vipaji walikuwa tele kwenye ligi zao za kutengwa, na Jackie Robinson alishafungua mlango na Brooklyn Dodgers mwaka 1947. Cubs hawakumchezesha mweusi hata mmoja kwenye ligi kuu hadi Septemba 1953, walipoingia Ernie Banks na Gene Baker. Baker alikuwa amesajiliwa tangu 1950, akaachwa kwenye timu za chini.

Royko alikuwa shahidi wa mwanzo wa habari hiyo. Robinson alipocheza Wrigley Field kwa mara ya kwanza, tarehe 18 Mei 1947, watu 46,572 walilipa kiingilio, na Royko, kijana wa miaka 14, alikuwa miongoni mwao. Aliyaandika mwaka 1972, Robinson alipofariki. Anaeleza watu weusi waliokuja wamevaa nguo zao za kanisani, wakakaa kimya na kwa adabu. Anaeleza mchezaji wa Cubs aliyekimbilia kituo cha kwanza na kutaka kumkanyaga Robinson mguu, kwa makusudi, Robinson akaukwepesha dakika ya mwisho. Anaeleza mpira uliopigwa na Robinson ukaangukia upande wake, akaupata, na mtu mweusi aliyekuwa karibu akamwomba amuuzie kwa dola 10, fedha nyingi mno kwa mtoto wa wakati ule. Akauza. Isomeni mtazame alivyochagua. Matokeo ya mechi hayana nafasi kubwa pale. Kuna mguu, nguo na noti za dola, na kupitia hivyo unaiona nchi nzima. Hivyo ndivyo ninavyotaka mwangalie mechi: macho yasibaki kwenye mpira tu.

Mtajeni pia Wendell Smith, na msimsahau. Huyu aliandikia Pittsburgh Courier, gazeti la watu weusi, na alisafiri na Robinson msimu ule wa 1947. Kwa kuwa hakuwa na kadi ya chama cha waandishi wa besiboli, alikaa jukwaani na watazamaji akipiga taipu huku ameipakata. Mwaka 1948, akiwa tayari kwenye gazeti la Chicago, ndipo alipopokelewa. Wenzake waliokaa kwenye chumba cha waandishi, wenye kadi na kahawa, wengi wao hawakuuliza kwa nini uwanja haukuwa na mchezaji mweusi. Sababu ya Cubs kufungwa ilikuwa mbele yao kila siku.

Jambo jingine, haraka ya kuhukumu usajili. Juni 1964 Cubs waliwapa St. Louis Cardinals kijana Lou Brock, wakachukua mrushaji Ernie Broglio. Chicago waliona wamelamba dume, na mwandishi mmoja wa Daily News akawashukuru Cardinals gazetini kwa moyo mkunjufu. Mwaka uleule Cardinals wakawa mabingwa, na Brock akamaliza kazi yake akiwa ameiba vituo, yaani kukimbilia kituo cha mbele bila kusubiri mpira upigwe, mara 938. Broglio aliishindia Cubs mechi 7 kwa jumla. Siku ya usajili andikeni mnachokijua: umri, afya ya bega, mkataba, timu ilikuwa na pengo gani. Shangwe zina watu wake jukwaani.

Kuhusu kilichoonekana uwanjani, kuna mfano mmoja ambao kila mgeni kazini angepaswa kuufuatilia mwenyewe. Tarehe 1 Oktoba 1932, fainali, mchezo wa tatu, Babe Ruth wa Yankees yuko Wrigley Field, matokeo ni 4-4, wachezaji wa Cubs wanamtukana kutoka bechi lao. Anainua mkono. Kisha anaupiga mpira wa Charlie Root, mrushaji wa Cubs, unavuka ukuta wa kati. Je, alionyesha kwamba ataupiga pale? Joe Williams wa New York World-Telegram aliandika siku ileile kwamba alitangaza pigo lake. Waandishi wengi waliokuwa pale hawakutaja kitu. Siku zilizofuata, hadithi ilipopamba moto, baadhi yao nao wakaanza kukumbuka. Root alikana hadi mwisho wa maisha yake. Filamu ya mtazamaji iliyojitokeza miongo mingi baadaye inaonyesha mkono ukiinuka, na ubishi haujaisha. Kwa hiyo daftari lenu liwe na saa, na liandikwe tukio linapotokea. Ukumbusho wa kesho yake umeshachanganyika na maneno ya wenzako.

Kisha kuna 2003, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Tarehe 14 Oktoba, mchezo wa sita wa nusu fainali, Cubs wanaongoza Florida Marlins 3-0 katika kipindi cha nane kati ya tisa, na imebaki kuwatoa wapigaji watano tu wa Marlins waingie fainali ya kwanza tangu 1945. Mpira unaelekea ukingoni mwa jukwaa, watazamaji kadhaa wananyoosha mikono, mmoja anaugusa, Moises Alou wa Cubs anaukosa. Baada ya hapo Alex Gonzalez, naye wa Cubs, akauangusha mpira ambao ungeweza kuwatoa wawili kwa mpigo. Marlins wakapata pointi 8. Kesho yake Cubs walikuwa na mchezo mzima wa saba wa kujikomboa, wakafungwa 9-6.

Aliyebebeshwa mzigo ni yule mtazamaji. Magazeti yalianika jina lake, na polisi wakalazimika kulinda nyumba yake. Jina lake sitaliandika, ingawa mtalipata kirahisi. Mchezaji analipwa na amekubali kuandikwa, lakini aliyenunua tiketi hajakubali. Mkiona umati unatafuta bangusilo, jina lisitoke kwenu, hata kama mhariri wenu anapiga simu kila dakika tano na gazeti linaingia mitamboni.

Ubingwa ulipokuja, usiku wa tarehe 2 Novemba 2016 huko Cleveland, ulikuja kwa njia ya kumtesa mwandishi: Cubs waliongoza, wakasawazishiwa 6-6 katika kipindi cha nane, mvua ikasimamisha mchezo kwa dakika 17, wakashinda 8-7 katika kipindi cha kumi baada ya saa sita usiku. Kesho yake kila gazeti lilikuwa na mbuzi. Mimi nawatuma kwenye kurasa za nyuma zaidi, za mwaka 2012, Theo Epstein, mkuu wa shughuli za besiboli wa Cubs, alipokuwa na mwaka mmoja tangu aajiriwe na timu ikapoteza mechi 101. Tafuteni ni nani aliyekuwa anauliza: wanauza nani, wanapata nani, vijana wa timu za chini wanaendeleaje, mmiliki amekubali kusubiri hadi lini? Kwa vipigo hivyo 101 Cubs walipata nafasi ya pili katika uchaguzi wa vijana wa Juni 2013, ambao timu zilizofanya vibaya hutangulia kuchagua, wakamchukua Kris Bryant. Ndiye aliyeuokota mpira wa mwisho kule Cleveland na kumrushia mwenzake Anthony Rizzo. Mwandishi aliyekuwa amefuatilia habari hiyo tangu mwanzo alikuwa na cha kueleza usiku ule bila kumgusa mbuzi.