Usingoje kompyuta ikuage ndipo uhifadhi mauzo

Wewe wa Kisumu mwenye programu ya duka la pembejeo, simama hapo hapo. Umeuliza matatu: programu yako ya C# (lugha ya kuandikia programu) itajuaje Windows inazimwa ili ihifadhi mauzo ya siku, itajuaje flash imechomekwa, na ikoni inawekwaje pale karibu na saa. Hayo mawili ya mwisho yasubiri; hilo la kwanza limenitoa jasho nikiwa nimekaa. Mauzo ya kutwa nzima yako kwenye memori, inayofutika mashine ikizimwa, yakingoja FormClosing, tukio la dirisha kufungwa? Kaka, hiyo programu niliiandika mimi kabla yako. Ilinila shilingi 23,600 na heshima yote niliyokuwa nayo Molo.

Kilikuwa kituo cha kukusanya maziwa. Wakulima 212, wanafika alfajiri na mitungi, karani anapima, anajaza kilo kwenye kadi ya mkulima, halafu anaziingiza kwenye programu yangu. Kila kilo ilikaa kwenye orodha ndani ya memori. Faili lenyewe, XML moja (data iliyoandikwa kwa lebo) ya mwezi mzima, liliandikwa mara moja kwa siku: karani akifunga dirisha. Miezi minne mambo yalienda sawa, nami nikawa naitikia nikiitwa injinia.

Tarehe 27 stima ikapotea saa tatu asubuhi. UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, ikaanza kulia. Karani, dada mwenye akili kunishinda, akafanya kile kile nilichomfundisha: usisubiri UPS ikate, zima mashine kwa utaratibu. Akaizima kwa utaratibu.

Hapa ndipo unapohitaji kuelewa Windows inafanya nini. Haikungoji kama mgeni wa heshima. Inapita kwa kila programu na ujumbe wa WM_QUERYENDSESSION, yaani tunafunga, una neno? Kwenye WinForms, zana ya C# ya kutengeneza madirisha, hodi hiyo inakufikia kama FormClosing, na CloseReason yake, yaani sababu ya kufunga, ni WindowsShutDown. Unatakiwa ujibu upesi. Ukinyamaza kama sekunde 5, inafunika skrini nzima, inaorodhesha programu zinazozuia kuzima, na kuweka kitufe cha kuzima hivyo hivyo. Kwa hiyo kile kisanduku chako cha "Una uhakika unataka kufunga?" kitafunikwa kikiwa bado kinauliza.

Mimi sikuwa na kisanduku, nilikuwa na kitu kibaya zaidi. Ndani ya tukio hilo hilo, kwenye uzi ule ule unaochora dirisha (mkondo wa kazi ndani ya programu, si uzi huu wa jukwaa), nilijumlisha kilo za wakulima wote, nikaandika XML ya mwezi, nikainakili kwenye flash, ndipo nijibu. Kwenye laptop yangu ya SSD, diski ya kasi isiyozunguka, na data ya siku mbili za majaribio, ilikuwa kufumba na kufumbua. Kwenye mashine ya kituo, diski ya kuzunguka na RAM ya GB 2, ilichukua kama sekunde ishirini. Karani akaona skrini ya buluu inamwambia programu ya maziwa inazuia kuzima, UPS inapiga kelele, akabonyeza zima hivyo hivyo. Hata wewe ungebonyeza.

Sasa sikiliza vizuri. Ukifungua faili lililopo kwa FileMode.Create ya C#, kwanza linamwagwa lote hadi baiti sifuri, ndipo unaanza kuandika. Windows iliua programu yangu katikati ya kuandika. Sikupoteza asubuhi moja. Nilibaki na nusu ya XML, lebo imekatika katikati ya jina la mkulima, na siku 26 za nyuma zilikuwa humo humo.

Ungedhani msiba umeishia hapo. Nilikuwa na nakala kwenye flash, si ndiyo? Kesho yake programu ikawaka, ikashindwa kusoma faili, na kwa kuwa nilikuwa nimeweka catch tupu (sehemu inayodaka kosa, bila kufanya lolote) ili "isisumbue mtumiaji", ikafungua mwezi mpya mtupu bila kusema neno. Karani akapima maziwa kama kawaida. Stima ilikuwepo, kwa hiyo akafunga dirisha vizuri kabisa. Programu yangu, kwa adabu zote, ikaandika siku moja juu ya ile nusu iliyobaki, kisha ikainakili kwenye flash juu ya nakala nzima ya tarehe 26. Niliandika programu inayofuata ushahidi hadi mfukoni mwa shahidi na kuufuta.

Malipo yalikuwa tarehe 5. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya kituo siku tatu, wakulima wakipanga foleni na kadi zao. Shosho mmoja aliitoa yake kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya kitambaa, ndani ya mfuko mwingine. Tarehe 14 ilikuwa imelowa maziwa, haijulikani ni 1 au 7. Akaniangalia. Nikaandika 7. Kadi za namna hiyo zilikuwa nyingi, na tofauti yote ilikatwa kwenye malipo yangu. Kadi ya karatasi ya shosho ilikuwa hifadhidata bora kuliko yangu, kwa sababu kilo iliandikwa mtungi ukiwa bado kwenye mizani.

Aliyenipoteza ni jamaa wa video, kofia kaigeuza nyuma, anayesema kuhifadhi kila mara kunachosha diski, weka yote kwenye tukio la kufunga, ni "safi zaidi". Safi! Angekuja yeye aketi kwenye kile kiti cha plastiki. Mkulima na mtungi wake wanachukua nusu dakika; hata diski ile kongwe inamaliza kuandika mstari mmoja kabla hajarudishiwa kadi. Na chini ya video watu mamia wanamshukuru, mimi nikiwa mmoja wao. Sijui kama naweza kuifuta ile shukrani.

Basi shika hili: mauzo yasionekane kwenye skrini kabla hayajafika diskini. Tumia SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja, kila risiti muamala wake, COMMIT (amri ya kukamilisha muamala) ikishapita ndipo uonyeshe "imeuzwa". Ukiwasha WAL (mtindo wa kuandika kwanza kwenye faili la pembeni), acha synchronous, mpangilio wa jinsi inavyosubiri diski, kwenye FULL. Ukishusha hadi NORMAL hifadhidata haitaharibika, lakini stima ikikatika risiti za mwisho zinaweza kurudi nyuma kana kwamba hukuuza. Kama lazima uandike faili zima, andika faili jipya pembeni, lisukume hadi diskini kwa Flush(true), kisha badilishana majina kwa File.Replace. Na ukishindwa kusoma data, piga kelele na ukatae kuendelea. Usifungue mwezi mpya.

FormClosing ibaki na kazi ya kufunga muunganisho na kutoka. Kuna ShutdownBlockReasonCreate, amri ya kuiomba Windows isubiri na kuonyesha sababu yako pale skrini nzima, lakini mtu mwenye UPS inayolia hasomi sababu.

Tena hayo ni matukio yanayofika. Stima ikikatika bila UPS hakuna ujumbe wowote, na wewe uko Kisumu, nisikueleze habari za stima. Mtu akiua programu kwenye Task Manager, FormClosing inaweza isiitwe kabisa. Laptop ikifunikwa inalala, na una kama sekunde 2 tangu PBT_APMSUSPEND, ujumbe wa Windows kwamba mashine inalala. Umesema baadaye utahamia Electron, zana ya kuunda programu kwa teknolojia za wavuti: kule tukio la before-quit, la kabla ya kufunga, halitumwi kabisa kwenye Windows mashine ikizimwa, limeandikwa wazi kwenye maelezo yao. Hata ukikimbilia Linux, SIGTERM, ishara ya kuiomba programu ifunge, unaweza kuidaka; SIGKILL, ya kuiua papo hapo, huidaki hata uwe nani.

Jaribu hivi leo, kabla mwenye duka hajaanza kuitegemea. Ingiza risiti kumi, ya kumi ikishaonyesha "imeuzwa" chomoa waya wa stima ukutani. Kama ni laptop toa betri kwanza, au kandamiza kitufe cha kuwasha hadi izime. Washa, hesabu. Zikiwa tisa, rudi hapa na ubandike sehemu ya msimbo inayohifadhi, yote, hata ile catch unayoionea aibu. Mimi niko Nakuru, usiku huu silali mapema.