Mbona ozoni ya modeli inazidi ya kifaa changu?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nasoma shahada ya uzamili hapa Nairobi. Nimeendesha GEOS-Chem, modeli ya kompyuta ya kemia ya angahewa, kwa mwaka mzima kwenye seva ya idara, gridi ya visanduku vya digrii 4 za latitudo kwa 5 za longitudo. Nikilinganisha ozoni ya tabaka la chini na kifaa chetu kilichofungwa kando ya barabara, modeli iko juu mno karibu saa zote. Msimamizi wangu anasema nitafute hitilafu kwenye msimbo wa kemia. Nianzie wapi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kemia iache kwanza. Msimbo huo unasimamiwa na Harvard pamoja na Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, unachangiwa na watafiti wa vyuo vingi, na kila toleo jipya hupimwa dhidi ya lililotangulia. Hitilafu hazikosekani, ila mimi ningezishuku mwisho.

Fungua ramani uchore mistari minne: longitudo 32.5 hadi 37.5 mashariki, latitudo 4 kusini hadi ikweta. Hicho ndicho kisanduku ambamo modeli imeiweka Nairobi. Mwanza imo, Kisumu imo, Arusha imo, Serengeti, kilele cha Kibo na sehemu kubwa ya Ziwa Victoria pia. Kinaizidi Uganda kidogo kwa eneo. Modeli inakupa namba moja tu kwa eneo lote hilo, nawe unailinganisha na hewa iliyo mita chache kutoka kwenye ekzosi za matatu.

Ekzosi hutoa naitriki oksidi. Ikikutana na ozoni huinyang'anya atomi moja ya oksijeni, zikabaki naitrojeni dioksidi na oksijeni ya kawaida. Ndiyo maana kando ya barabara ozoni huliwa papo hapo, hasa usiku ambapo hakuna jua la kuirudisha. Ndani ya modeli, moshi uleule husambazwa kwenye kisanduku kizima mara tu unapotolewa. Ukishakuwa mwembamba hivyo, ukachanganyika na mvuke wa mimea na kupigwa na jua, unatengeneza ozoni badala ya kuila. Kwa hiyo kifaa chako kinaweza kuwa sahihi na modeli nayo isiwe na kosa la msimbo.

Kipimo kinachofaa unacho hapo hapo mjini. Tangu 1998 Nairobi hurusha maputo ya kupima ozoni chini ya SHADOZ, mtandao wa vituo vya maputo ya ozoni vya ukanda wa tropiki, na data zake ni za bure. Toa matokeo ya modeli ya saa ileile puto liliporushwa; wastani wa mwezi hautakusaidia. Halafu linganisha kwa kanieneo ya hewa, usifuate namba ya tabaka la modeli. Ardhi ya modeli ni wastani wa kisanduku: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko kama 1,134, kwa hiyo tabaka la kwanza la modeli si hewa ya Nairobi. Mtego huu huwanasa hata wazoefu.

Kama bado unautaka mji wenyewe, endesha gridi ya ndani, yaani ya eneo dogo lenye visanduku vidogo, ya digrii 0.25 kwa 0.3125, yaani takriban kilomita 28 kwa 35. Itahitaji data za mipakani kutoka kwenye uendeshaji wa dunia nzima, kwa hiyo ulichofanya hakijapotea. Lakini kilomita 28 nazo si barabara. Kifaa chako kitaendelea kupishana na modeli, ila pengo huenda likapungua.

Hapo ndipo utoaji wa moshi unapokuwa jambo zito. Orodha za dunia za vyanzo vya moshi, ambazo modeli huzisoma, huudharau moshi wetu wa mkaa, jenereta na pikipiki. DICE-Africa, orodha ya Afrika iliyochapishwa na Marais na Wiedinmyer mwaka 2016, ilitengenezwa kwa ajili hiyo. Hakikisha imewashwa kwenye HEMCO_Config.rc, faili la mipangilio la HEMCO, sehemu ya modeli inayoshughulikia utoaji. Ukiongeza orodha yako ya Nairobi, ipe daraja la juu kuliko zilizopo ndani ya kundi lilelile. Zikilingana daraja, HEMCO inazijumlisha, na kila matatu itahesabiwa mara mbili. Orodha hiyo ikikubaliana na vipimo, ipeleke kwa kikundi cha kazi cha utoaji. Wenye modeli wanaihitaji zaidi kuliko marekebisho ya kemia.