Kodi ya Nyumba ya Yule Mzee

Swali lenu la wiki hii limenigusa pabaya. Mmeuliza: "Mtu anayeshinda poka mara kwa mara, aache kazi ya mshahara aifanye poka kuwa ajira yake?" Nimelisoma asubuhi kazini, nikalirudia saa ya mapumziko, na sasa mke wangu amelala nami nimekaa kuandika. Jibu langu ni hapana, asiache. Ila mnauliza kana kwamba jambo ni kama anaujua mchezo au haujui. Mimi ningeuliza hivi: huo mshahara unamfanyia kazi gani akiwa mezani?

Mimi ni mhasibu. Najua mnachotaka kusema. Chris Moneymaker naye alikuwa mhasibu, na mwaka 2003 aliingia kwa mashindano madogo ya mtandaoni ya dola 86, akaondoka Las Vegas na dola milioni 2.5 za World Series of Poker. Kila aliyewahi kunishawishi niache kazi alianzia kwa huyo. Mwaka ule walishindana watu 839. Sam Farha tunamkumbuka kwa kuwa alikuwa wa pili, hao wengine sijasikia mtu akiwataja. Mwaka uliofuata walikuja 2,576, kila mmoja akijiona ndiye.

Uhasibu umenipa ugonjwa mmoja: naandika kila kitu. Wakati ule nilikuwa na daftari la miezi kumi na minne, saa 412 za kukaa kwenye meza ya kasino. Kwa mwendo wa mgawaji wa kawaida, migao kama 30 kwa saa, hiyo ni kama migao 12,000. Nilikuwa nimeshinda wastani wa madau matano kwa kila migao mia (nahesabu kwa dau kubwa la lazima, lile linalowekwa kila mgao unapoanza, kama wachezaji wote). Kwa macho ya mtu aliyechoka na kazi, hiyo ni ajira.

Lakini kwenye Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau (poka ambayo kila mtu ana karata mbili za siri, na tano za wote hufunguliwa mezani), kupanda na kushuka kwa kawaida ni kama madau 90 kwa kila migao mia. Fanya hesabu hadi migao 12,000 uone. Mtu anayeshinda kweli matano kwa mia bado ana uwezekano unaopita robo wa kufika hapo akiwa amepoteza. Na kinyume chake ndicho kilichoninyima usingizi: asiyewazidi wenzake kwa lolote ana uwezekano huohuo wa kufika hapo na daftari zuri kama langu. Miezi kumi na minne ya wino, na haisemi mimi ni yupi kati ya hao wawili.

Hata hivyo barua ya kuacha kazi nilikuwa nimeshaiandika. Ilikuwa kwenye mfuko wa nje wa begi, imekunjwa mara tatu, ina tarehe ya Jumatatu. Ijumaa nikaenda kucheza.

Kwenye meza ile kuna mzee mmoja ambaye hana kazi nyingine. Wengine sote tuna ofisi, duka, au mke mwenye duka. Yeye ni karata tu, zaidi ya miaka ishirini sasa. Hanywi, hasimulii alivyoshindwa, wala hamkaripii mgawaji. Usiku huo alipandisha dau mapema, nikamfuata, yaani nikaweka kiasi kilekile, nikiwa na saba na nane za kopa. Zikafunguliwa tatu: mfalme wa shupaza, sita ya kopa, mbili ya kopa. Akaweka, nikafuata. Ya nne ikaja tano ya uru. Wanaojua wanaona nilivyokaa: kopa yoyote inanipa karata tano za kopa; nne au tisa yoyote inanipa mfululizo wa karata tano. Karata 15 za kuniokoa kati ya 46 nisizoziona. Akaweka tena, nikafuata tena. Ya mwisho ikaja mfalme wa uru.

Sikuwa na kitu. Nane ndiyo iliyokuwa karata yangu kubwa! Mzee akagonga meza kwa kidole kimoja, maana yake hawekei. Fungu la mezani lilikuwa madau 60, na mbele yangu zilibaki 60. Nikazisukuma zote.

Hakuniangalia usoni. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, kioo cha kushoto kisha cha kulia, akaivaa tena. Akaziangalia chipu zangu, si mimi, kama mtu anayesoma bei. Mgawaji alikuwa ameacha mkono hewani. Nilikuwa naisikia mishipa ya shingo yangu. Lakini, na hapa ndipo nilipotaka kufika, sikuogopa. Nilikuwa nacheza na pesa ambayo tarehe 28 ingerudi yenyewe. Mzee akazigeuza karata zake kifudifudi na kuzisogeza kwa mgawaji taratibu, kama anayerudisha kikombe cha mwenyewe.

Baadaye tulikutana nje, kila mmoja akisubiri usafiri. Nikamsalimia, akaitikia, akasema bila kuulizwa: "Nilikuwa na malkia wawili, mwanangu. Na nilijua huna kitu." Nikamuuliza, sasa mzee wangu, mbona ulitupa? Akacheka kidogo. "Kodi ya nyumba ni keshokutwa."

Barua niliichana nyumbani, jikoni, juu ya ndoo ya taka. Nilichokiita uwezo wangu, nikasema, ni mshahara. Ni mshahara uliomtisha mzee. Nikiacha kazi nitakuwa upande wake wa meza: nitajua mtu hana kitu na bado nitatupa malkia wawili, na kijana fulani mwenye mshahara atanila taratibu. Hiyo ndiyo "hapana" yangu, na nimeitembeza kwa watu wengi. Mpwa wangu nilimsimulia yote, pamoja na pindo la shati.

Wiki tatu baadaye nilimjaribu tena, fungu kubwa, karata ya mwisho, mimi mikono mitupu. Safari hii alinifuata kabla sijaondoa vidole kwenye chipu. Alikuwa na tisa mbili tu. Nikajisemea moyoni: keshalipa kodi.

Sasa, nimeandika hadi hapo nikaona nilifungue daftari nihakikishe yale madau 60, maana nachukia kukosea tarakimu. Na kuna jambo sikuwahi kulihesabu. Usiku ule wa malkia, mzee alitakiwa kulipa 60 ili achukue 120. Ili kunifuata kumlipe, ilibidi niwe nadanganya angalau mara moja katika kila tatu. Mimi naandika kila karata iliyofunuliwa, nimesema ni ugonjwa. Kabla ya usiku huo nilikuwa nimesukuma zote kwenye karata ya mwisho mara 11 mbele yake, tukafunua. Mara zote 11 nilikuwa na karata nzuri kweli. Hakuna hata moja ya uongo.

Kwa hiyo alitupa sawasawa. Mtu yeyote mwenye akili angezitupa zile malkia, awe anadaiwa kodi au anamiliki mtaa mzima. Hakujua sina kitu, asingeweza kujua. Alikuwa akikisia tu, na ni mimi niliyemthibitishia, nje, kwa jinsi nilivyouliza "sasa mbona ulitupa?" Ndipo akanipa kodi ya nyumba. Nikaondoka nikiamini mzee huyu anaogopa, anasukumika. Wiki tatu baadaye nikamsukuma, akawa ananisubiri na tisa mbili.

Nimeinuka nikanywa maji nikarudi.

Naomba basi jibu langu msilichape kama lilivyoanza. Nimewaambia watu kwa mwaka mzima kwamba mchezaji wa kulipwa ni mtu mwenye hofu, na ushahidi wangu pekee ni mtu ambaye hakuwa na hofu hata kidogo. Alikuwa bado kazini, amesimama nje usiku akisubiri usafiri, na mimi nikiwa namwonea huruma.

Mtu wa namna hiyo aache kazi. Ndiyo, nimesema. Ila pesa ya kula ya mwaka mzima ikae mbali na mtaji wa kuchezea, na anayelala naye nyumba moja awe amelisoma daftari lote, kurasa mbaya zikiwemo. Na migao yake iwe mingi kuliko yangu, mara nane au tisa hivi, ambayo kwa meza ya kasino ni kama miaka miwili ya kucheza kila siku ya kazi. Kuna pia makato ya wenye meza, wanaokata sehemu ya mafungu tushinde tusishinde. Mtandaoni ni haraka zaidi, lakini huko vijana wanakesha na programu za kuwafundisha. Tangu mwaka 2019, programu ya kompyuta iitwayo Pluribus ilipowashinda wachezaji mahiri kwenye meza ya watu sita, sioni aibu kusema huko siendi. Na kazi yenyewe iwe ya aina ambayo mtu anaweza kuirudia. Uhasibu unarudika, nimeshauliza.

Mpwa wangu itabidi nimpigie simu. Sijui nianzie wapi, kwa sababu alinisikiliza.

Mimi binafsi sijasema naacha. Ijumaa nitakwenda kama kawaida, na mzee nikimkuta nitamuuliza kama hata amepanga nyumba.